Makaa ya Mama Terry

Bonareri alikuwa mchoyo wa moto. Hilo alilisema mwenyewe, tena kwa majivuno, ukikaa kwenye hoteli yake ya mabati pale machimboni Masara ukisubiri maharagwe. Vitu vingine angekupa bila kinyongo: mchuzi wa kuongeza, pilipili, hata kigoda chake akikuona umetoka shimoni hoi. Lakini moto, hapana. Akiona makaa yanawaka na hakuna sufuria juu yake, alishika kichwa kama mtu aliyechomolewa pesa mfukoni.

Alikuwa mtu wa Kisii, Msabato, na Masara aliletwa na mumewe, Okemwa, aliyesikia kwamba huko watu wanaokota dhahabu. Okemwa dhahabu hakuiokota. Alichookota ni mwanamke mwingine ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania, akabaki huko huko. Bonareri alilia, mtu asikudanganye, ila alilia huku akisonga ugali, kwa sababu wachimbaji walikuwa mlangoni na njaa yao. Mkononi alikuwa na jiko moja, sufuria chache na binti mmoja, Terry, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anang'oka meno ya utoto. Mkaa nao ulipanda bei kila mvua iliponyesha na njia kuharibika. Katika hali hiyo mtu hufunga mlango akaondoka, au hujifunza.

Akajifunza. Maharagwe aliyaloweka usiku kucha, asubuhi akayachemsha kidogo tu, kisha akaitia sufuria nzima ndani ya kikapu kikubwa alichokijaza majani makavu ya mgomba na blanketi kuukuu, akafunika. Yakaivia humo yenyewe. Hilo alikuwa ameliona kwa mama yake, Msabato wa wale wa zamani, ambaye siku ya Sabato hakuwasha jiko hata aje nani, na chakula chake cha Ijumaa kikakaa na joto mpaka watu watoke kanisani. Chenga zilizobaki chini ya gunia la mkaa, ambazo wenzake walizimwaga barabarani, alizikanda na udongo na karatasi zilizolowa, akaanika madonge ya kuchemshia chai. Maji ya kuoshea mchele yalinywewa na ng'ombe wa jirani, na jirani akamuuzia maziwa kirafiki. Maji ya kunawia mikono yalikwenda kwenye magunia ya sukuma wiki nyuma ya nyumba. Ukoko wa ugali na omena iliyovunjika, wale dagaa wa ziwani, vilikwenda kwa kuku, na mvua ikinyesha, bati zima lilikuwa likimwaga ndani ya pipa.

Wenye hoteli wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Halafu wakaanza kufunga, mmoja baada ya mwingine, na yeye akaongeza benchi.

Kilichokuwa kimemshinda ni makaa ya alasiri. Chakula cha mchana kikiisha, jiko lilibaki jekundu kabisa, na chai ya jioni ilikuwa bado sana. Kuyazima kwa maji hakutaka, yanapasuka yakawa vumbi. Kuyaacha yajifie bure, ndiyo kabisa. Alikuwa akiyatazama hivyo kila siku yakigeuka majivu, na roho inamuuma, mpaka alipokuja Werema.

Werema alikuwa Mkuria wa makamo, mwoshaji wa dhahabu, mtu mpole wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Mikono yake ilitetemeka. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono yote miwili na bado kikagongana na meno, na watu wa benchi wakamcheka kwamba chang'aa imemmaliza.

"Mimi pombe sijawahi kuonja," alikuwa akisema.

"Na sisi hatujawahi kuona shimo," wangemjibu, na kicheko kinaanza upya.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mchanga uliosagwa huoshwa, kisha hutiwa zebaki, ile wachimbaji wanayoiita mekyuri, nayo hukamata chembe za dhahabu. Ukikamua kwenye kitambaa unabaki na donge dogo la kijivu. Donge hilo huwekwa kwenye kijiko au kipande cha bati juu ya makaa, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Werema hakuwa na jiko, alikuwa akiwasha kuni nje na upepo unamsumbua. Alasiri moja alisimama mlangoni kwa Bonareri, donge limo kiganjani.

"Mama Terry, si uniachie hayo makaa kidogo? Nichome kitu yangu hapo. Nitakupatia ya mboga."

Bonareri alimtazama, akayatazama makaa. Alihisi ni Mungu amejibu. Moto ambao ungekufa bure ukaanza kununua mboga, na mboga za kesho zikawa zimeshalipiwa kabla hazijachumwa. Haukupita muda mrefu waoshaji wengine wakafuata, kila mtu na donge lake, na alasiri ya kwa Mama Terry ikawa na foleni.

Yeye mwenyewe saa hizo hakuwepo. Ndiyo saa aliyokwenda sokoni kutafuta vitu vya kesho, wakati wauzaji wanataka kurudi nyumbani na hawakazi bei. Aliyebaki kuangalia makaa ni Terry, akitoka shule. Msichana alikaa kwenye kigoda na kipande cha katoni, akipepea, akiangalia dhahabu za watu zisije zikaingia majivuni. Alikuwa ameipenda kazi hiyo. "Mama, inageuka!" alisema siku za kwanza. "Inakuwa ya manjano kama ndani ya yai!"

"Vizuri. Sasa ufunge mlango na hilo dirisha," Bonareri alimwambia akichukua kikapu. "Upepo usinilie makaa."

Na Terry alifunga. Alikuwa mtoto wa kusikia.

Inafaa uijue mikono ya mtoto huyo. Terry alisuka nywele. Hakuna aliyemfundisha, alianza kwa wanasesere wa magunzi, akaja kwa watoto wa jirani, na alipofika darasa la juu wake za wachimbaji walikuwa wakimngojea Jumapili nje ya hoteli, wameleta viti vyao. Mistari yake ilikuwa myembamba na imenyooka, tena haivuti ngozi, mtu anasinzia akisukwa. Kila Ijumaa kabla jua halijatua alimsuka mama yake kwa ajili ya kanisa. Bonareri alikaa chini katikati ya magoti ya binti yake, macho amefumba, na katika juma zima hiyo ndiyo saa pekee ambayo hakufikiria mkaa. Walikuwa wamekubaliana: Terry akimaliza shule, watafungua saluni Migori mjini, na maji ya kuoshea vichwa watatafuta pa kuyapeleka. Walicheka sana juu ya hilo.

Mwaka ule foleni ya makaa ilipoanza, ofisa mmoja wa maendeleo alisikia habari za hoteli isiyotupa kitu, akamletea Bonareri akina mama wenye hoteli za machimbo mengine, waje waone. Bonareri alivaa nguo ya kanisani. Akawaonyesha kikapu, akawafunulia maharagwe yanatoa mvuke. Akawaonyesha madonge ya chenga, pipa, magunia ya sukuma. Mwisho, kama mtu aliyeweka kitu kitamu nyuma, akawaonyesha makaa ya alasiri na Werema amechutama hapo na kijiko chake. "Hata moto uliobaki una kazi," aliwaambia. Wakapiga makofi. Walipoondoka, walikuwa wamelishika hilo la mwisho kuliko yote, kwa sababu kikapu kinataka subira na makaa hayataki.

Siku Terry alipoanza kumwaga vitu, Bonareri hakushtuka, alikasirika. Kwanza ilikuwa chai, kidogo tu, kwenye sahani ya kikombe. Kisha mafuta ya kupikia. Kisha maziwa, nusu ya mtungi mdogo, yakatiririka sakafuni mpaka mlangoni. Katika nyumba nyingine ni jambo la kufuta na kusahau. Katika nyumba ya Bonareri ilikuwa dhambi yenye jina.

"Wewe unamwaga tu kila saa! Unafikiri hapa tunaokota?"

"Samahani, Mama."

"Samahani haipikwi."

Akampachika jina, Mwaga-mwaga, na watu wa benchi wakalichukua, wakawa wanamwita hivyo kwa utani akipita na sinia. Terry mwanzoni alicheka nao. Baadaye akaacha kucheka, akaacha na kuzungumza. Akawa analia kwa jambo dogo, analala vibaya, fizi zinamtoka damu, mate yanamjaa mdomoni. Bonareri akasema ni ujana, wasichana wakikua wanakuwa hivyo. Mwenyewe alikuwa akisikia ladha ya sarafu kwenye chai yake siku nyingine, akalaumu sufuria. Na Sabato moja, alipotoka kanisani na kujitazama kwenye kioo cha jirani, aliona mistari ya kichwa chake imepinda, imeingiliana njiani. Akamwambia Terry, "Siku hizi unanisuka na miguu?" Terry aliificha mikono chini ya kanga.

Ijumaa iliyofuata Terry alisema kichwa kinamuuma. Nyingine akasema ana kazi ya shule. Hakumsuka mama yake tena.

Wakati wa likizo Bonareri alimpeleka kisiwani Rusinga, kwa mdogo wake Milka aliyeolewa huko na mvuvi. Hakumpeleka kupumzika. Alimpeleka akaone kazi, akaanike omena juani akome uzembe. Na huko Rusinga, kwenye upepo wa ziwa, Terry akaanza kupona. Polepole, lakini akapona. Milka alipiga simu akicheka.

"Dada, huyu mtoto unayesema anamwaga ni yupi? Hapa anaokota omena moja moja. Na jana amesuka binti wa jirani, watu wanauliza ametoka wapi."

Mtu mwingine angefurahi. Bonareri alikata simu akiwa amewaka hasira. Kumbe anaweza! Kumbe ni yeye mama yake aliyekuwa anachezewa! Shule zilipokaribia kufunguliwa alimfuata mwenyewe. Terry alimkimbilia, amenawiri, mfuko wa omena mkononi, akamwambia, "Mama, tazama, nimepona," akanyoosha vidole mbele yake vikatulia.

"Uvivu ndio umepona," Bonareri alimjibu. "Chukua mzigo twende."

Baadaye, miaka hii yote, neno hilo ndilo limekuwa likimwamsha usiku. Si mengine aliyoyafanya, ingawa aliyafanya mabaya zaidi. Ni hilo.

Alimrudisha kwenye kigoda kile kile, mlango ule ule umefungwa. Ilikuwa msimu wa mvua, mkaa umepanda, foleni ya madonge imekuwa ndefu. Safari hii vidole havikungoja. Terry akashindwa kufunga vifungo vya yunifomu, akawa anavaa sweta hata kwa jua ili vifungo visionekane. Na mchana mmoja, hoteli imejaa, akitoa sufuria ya maharagwe kwenye kikapu, mikono ilikataa. Sufuria ilianguka. Maharagwe ya mchana wote yakatapakaa chini ya benchi, kwenye viatu vya watu.

Bonareri alimpiga kofi mbele ya wachimbaji.

Terry hakulia kwa sauti. Alipiga magoti, akaanza kuyakusanya maharagwe kwa viganja, anayatia kwenye sufuria, na mengi yanapita katikati ya vidole yanarudi chini. "Nitayaosha, Mama," alikuwa akisema. "Haya ya juu hayajashika vumbi. Nitayaosha, bado yanalika." Hapo ndipo Bonareri alipoitazama mikono ile kwa mara ya kwanza kama mikono, si kama hasara. Ilikuwa inatetemeka kama ya Werema. Na mtoto huyu hakuna mtu angeweza kusema ni pombe.

Akapiga magoti naye. Alitaka kumshika, Terry akajikunja akidhani ni kofi la pili.

Kliniki ya karibu waliwapa dawa za malaria. Nyingine wakasema ni taifodi. Milka alipoona mwezi unakatika, akamwambia dada yake amlete Homa Bay, kuna daktari pale hospitalini anayesikiliza watu. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mchovu, miwani imeshuka puani. Alimwambia Terry anyooshe mikono, aguse ncha ya pua yake, aandike jina lake. Jina lilitoka kama limeandikwa ndani ya gari linalorukaruka. Daktari hakuuliza juu ya jina. Aliuliza wanaishi wapi.

"Masara," Bonareri alisema.

Daktari akaweka kalamu chini. "Kuna mtu anachoma dhahabu hapo nyumbani?"

Hata sasa Bonareri hawezi kueleza kwa nini alijibu vile alivyojibu. Labda ni mazoea, labda alidhani anasifiwa, kwa kuwa ofisa aliuliza hivyo hivyo siku ya makofi. Alijiweka sawa kwenye kiti, akamweleza daktari kila kitu kwa Kiswahili chake cha ofisini. Kwamba makaa ya mchana hayatupwi. Kwamba waoshaji wanakuja alasiri, mtoto anapepea. Kwamba mlango unafungwa, na dirisha pia, ili upepo usile moto. "Sisi kwetu hatupotezi kitu," alimalizia.

Daktari alimwacha mpaka akamaliza. Kisha akavua miwani, akamweleza taratibu kwamba zebaki ikipata moto haipotei. Inapaa kama mvuke ambao macho hayauoni, na chumba kikiwa kimefungwa haina pa kwenda ila kifuani mwa aliyekaa karibu. Kutoka hapo inakwenda kwenye mishipa ya fahamu. Akasema mtoto asirudi katika nyumba ile. Akasema baadhi ya mambo yatarudi, na mengine ni kungoja tu. Bonareri alisikia yote, lakini akili yake ilikuwa imekwama Rusinga, kwa msichana aliyenyoosha vidole akasema tazama, nimepona.

"Ningemwacha pale," alisema. Hakuna aliyemuuliza. "Alikuwa amepona. Ni mimi nilimwendea."

Terry alimshika bega. "Mama, hukujua."

Ingekuwa heri angemtukana.

Terry alikwenda na Milka. Bonareri alirudi Masara peke yake, akafungua hoteli, akapika, akapakua. Alasiri ilipofika na jiko likabaki jekundu, alichukua karai la maji akalimwaga lote juu ya makaa. Jiko lilipiga kelele, majivu yakaruka mpaka kwenye mabati. Hakuwa amewahi kufanya hivyo maishani. Werema alikuwa mlangoni, ngumi imefumba donge lake, akafikiri mama wa watu amechanganyikiwa. Bonareri akamweleza aliyoyasikia hospitalini. Werema alisikiliza, kisha akaifumbua mikono yake akaitazama kwa muda mrefu.

"Na mimi wakasema ni pombe," alisema. Machozi yalimtoka bila aibu, mwanaume mzima, mlangoni mwa hoteli.

Bonareri alizunguka machimbo yote yale kuwatafuta akina mama waliompigia makofi. Baadhi walimsikiliza wakaufukuza mchezo huo siku hiyo hiyo. Wengine walisema anawaonea wivu, ameona nao wamepata ya mboga. Mmoja, Joyline, alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amempakata mtoto mchanga, na jikoni nyuma yake, mlango umefungwa, mtu alikuwa akikohoa juu ya makaa. "Nitafikiria, Mama Terry," alimwambia. Bonareri alirudi kwake tena na tena mpaka Joyline akaacha kumfungulia.

Hoteli ipo bado. Kikapu kipo, pipa lipo, kuku wapo. Kilichobadilika ni kwamba mlango na dirisha hukaa wazi hata mvua ikiingia, na alasiri jiko lake humwagiwa maji. Mkaa unamlia pesa. Wateja wapya wanashangaa kwa nini mama mwenye akili hivi anaharibu moto.

Rusinga huenda kila anapopata nafasi. Mara ya mwisho alikuta Milka yuko ufukweni na omena, Terry yuko peke yake nyumbani. Fizi zimepona, usingizi umerudi, na anacheka tena. Mikono haijarudi. Imepungua kutetemeka, lakini watoto wa jirani husukwa kwingine, na Terry hukaa karibu akawaambia wenzake mstari upite wapi.

Alimchemshia mama yake chai. Bonareri alitaka kuinuka amsaidie, akajizuia. Alimwona binti yake akikishika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akamimina nusu kikombe, akaacha. Kwao Kisii mgeni hajaziwi nusu. Kikombe kinajaa mpaka kinataka kuvuka ukingo, ndipo ujue umependwa.

Terry aliona mama yake anatazama kikombe. "Nikijaza kinamwagika," alisema haraka, kwa sauti ya mtu anayejitetea. "Nimejifunza hivi, Mama. Ukimaliza hii nakuongezea nyingine. Hakuna kinachopotea."

Bonareri aliinywa ile nusu. Akarudisha kikombe.

"Jaza, mwanangu," alimwambia. "Jaza mpaka imwagike."

Terry alimtazama usoni kwanza, kwa hofu, akitafuta hasira ilipo. Kisha akamimina nusu ile ile, na kitambaa cha kufutia alikuwa nacho begani tayari.